Kipandauso na daftari la vipimo

Mara ya kwanza kuiona ile mistari nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Ilikuwa saa tano asubuhi, kibandani kwangu karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, upepo wa Julai unarusha vumbi na jua limeshakuwa kali. Mbele ya macho pakatokea doa linalometameta, likapanuka likawa mistari iliyokunjamana kama mshono wa zigizaga. Nikafumba jicho la kulia, ipo. Nikafumba la kushoto, bado ipo. Baada ya dakika kama 20 ikatoweka, kichwa kikaanza kupwita upande mmoja. Nilitapika, nikajifungia gizani mpaka kesho yake.

Kwa miaka mitatu nilikitibu kichwa hicho kama tunavyotibu vichwa vyote huku kwetu. Nilianza na malaria: kipimo kinaonyesha hakuna, lakini nanunua mseto, maana watu husema malaria siku hizi inajificha. Ikaja zamu ya presha, ikakutwa sawa. Nikapimwa macho, nikapewa miwani ambayo haikubadili kitu. Shangazi yangu wa Kongwa alisema nimetupiwa kitu. Simlaumu. Ukimwona mtu mzima analia kwa sababu ya mwanga wa dirisha, lazima utafute maelezo.

Muda wote huo nilikuwa nameza vidonge. Panadol asubuhi, diklofenaki jioni, na kingine cha kujihami kabla ya kukaa kwenye kazi ya harusi.

Aliyenifumbua macho ni daktari aliyeuliza maswali mengi kabla ya kuandika kipimo chochote. Huumwa upande gani? Unatapika? Mwanga na kelele vinakukera? Ukipanda ngazi maumivu yanazidi? Nilipomchorea ile mistari kwenye karatasi akasema, "Mama, hiki ni kipandauso, na hiyo mistari inaitwa aura."

Nilidhani kipandauso ni jina tu la kichwa kinachouma sana. Kumbe ni ugonjwa wenye sura kadhaa. Wengi hawaoni kitu chochote kabla. Kichwa huanza tu. Wenye aura huona mistari au doa, au hupata ganzi mkononi na usoni, au maneno huwapotea, kwa dakika 5 hadi 60. Maumivu yenyewe yasipotibiwa hukaa saa 4 hadi 72. Wapo ambao kizunguzungu ndicho huwasumbua zaidi. Wachache sana hulegea upande mmoja wa mwili, na hilo likitokea kwa mara ya kwanza ni la kukimbizwa hospitali kama kiharusi. Vivyo hivyo kichwa kinacholipuka ghafla, au chenye homa na shingo kukakamaa.

Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: natumia njia gani ya uzazi wa mpango? Vidonge vya majira. Alisema mwanamke mwenye aura hapaswi kutumia vidonge vyenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Nikahamia kijiti. Hili nawaambia wateja wangu wote wanaougua kichwa, hata kama wamekuja kupima gauni tu.

Akaniagiza niandike kwa mwezi mmoja. Nilitumia kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo vya wateja: K siku ya kichwa, V siku ya vidonge. Mwezi ulipoisha, V zilikuwa 19. Alinieleza kwamba anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazomletea kichwa.

Kuziacha kulikuwa kugumu. Siku kumi za mwanzo kichwa kilizidi, mashine ikafunikwa, na dada yangu akanipokea kazi mbili za sare za shule. Nilikuwa nimeanza amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25 kila usiku. Muuza dawa mmoja aliniambia hiyo ni ya wagonjwa wa akili, nusura niitupe. Kweli hutibu sonona, lakini kwa dozi ndogo huzuia kipandauso, na huhitaji wiki kadhaa ili ionyeshe kazi yake. Mdomo ulikauka na asubuhi nilikuwa mzito. Nilivumilia.

Daftari lilionyesha na mengine: K nyingi ziliangukia siku chache kabla ya hedhi, au siku nilizoshona mpaka mchana bila kunywa chai. Sasa siwashi mashine kabla sijala, na meza nimeigeuza nisitazamane na jua la barabarani.

Juzi mistari imerudi nikiwa nakata kitenge. Niliweka mkasi chini, na kichwa kilipoanza tu kugonga nikameza ibuprofeni na chakula, nikashusha pazia, nikalala. Saa kumi jioni nilimalizia kukata. Mwezi huu K ni 4, V ni 3.