Bluu ya mdiria kwa nta ya nyuki

Bluu ya mgongo wa mdiria, yule mdogo mwenye kishungi anayevizia samaki kwenye matete, haimo ndani ya unyoya kama rangi. Ni mwanga unaotawanywa na unyoya wenyewe. Ndiyo maana kumchora kwa nta ya nyuki iliyotiwa rangi kunamfaa sana: mwanga hupenya matabaka ya nta, hugonga kilicho chini, kisha hurudi. Ukipaka bluu nzito mara moja utapata bluu ya mlango.

Nta ya njano, kama ile ya miombo ya Tabora, inanukia vizuri, lakini njano ikikutana na bluu huzaa kijani. Itumie kwenye kifua chake cha rangi ya chungwa. Kwa mgongo, tafuta nta iliyosafishwa mpaka ikawa nyeupe.

Changanya gramu 400 za nta na gramu 50 za damari, utomvu mkavu wa miti, iliyopondwa. Damari huipa picha ugumu. Ikizidi, uso hupasuka kama kioo. Sandarusi ya pwani haishiki nafasi yake, maana huyeyuka kwa joto kubwa mno. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, damari huchelewa hadi kupita 100, kwa hiyo pika polepole, madirisha yakiwa wazi, halafu chuja kwa kitambaa cha pamba. Baada ya hapo fanya kazi kati ya nyuzi 80 na 90. Ikitoa moshi, zima. Ikishika moto, funika kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe.

Chora kwenye plaiwudi tupu ya milimita 12. Turubai hujikunja na nta ikapasuka. Ubao uliopakwa rangi ya plastiki hauna vinyweleo, nta hubanduka vipande vipande. Nyuso za Fayum, picha za kale za watu kule Misri, nyingi zilichorwa kwenye mbao, mara nyingi kwa nta, na zimefikisha karibu miaka 2,000.

Brashi iwe ya manyoya ya nguruwe, kwani nailoni hulegea na kujikunja kwa joto. Kila tabaka, hata lile jembamba kabisa, lipulizie hewa moto mpaka uso ung'ae kama umelowa, kisha ondoa mkono hapo hapo. Hapa ndipo ndege wengi huharibika. Joto likipungua, matabaka hayashikani. Likizidi, nta hufanya mawimbi na chungwa la kifua hutiririkia mgongoni.

Mistari ya kishungi chora kwa sindano nta ikiwa vuguvugu. Ikiwa ya moto mstari hujifunga, ikipoa kabisa humeguka kingoni. Sugulia rangi nyeusi ya mafuta ndani ya mikwaruzo, pangusa iliyobaki juu kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kitani. Baka jeupe la shingoni usilipake: tangulia kupaka nta nyeupe hapo chini ya bluu, kisha kwangua mpaka tabaka hilo jeupe litokee.

Baada ya wiki kadhaa ukungu mweupe ukijitokeza, si kuvu. Sugua taratibu kwa kitambaa laini cha pamba, bluu itarudi. Na usiiache picha ndani ya gari lililoegeshwa juani.