Thamani ya hisa kwa mujibu wa vitabu: toa kwanza, ndipo ugawe

Wengi wetu huku visiwani tunaonunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam huangalia bei ya siku na gawio tu. Thamani ya hisa kwa mujibu wa vitabu vya kampuni nayo ni ya kuijua, na hesabu yake si ngumu: mali zote, toa madeni yote, toa haki ya wenye hisa za upendeleo (hisa ambazo wenyewe hulipwa kabla ya wenye hisa za kawaida), kisha gawa kwa hisa za kawaida zilizomo mikononi mwa wanahisa.

Chukua mfano wa kubuni: kampuni ya boti za abiria baina ya Malindi ya Unguja na Mkoani, Pemba. Mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, ina mali za shilingi bilioni 18 na madeni ya bilioni 10.4. Zinabaki bilioni 7.6. Hisa za upendeleo ni bilioni 1.2, na gawio lake la asilimia 10, ambalo hulimbikizwa, halijalipwa miaka miwili, yaani milioni 240. Wengi kwetu hawazigusi hisa hizi kwa sababu za dini, lakini zikiwemo kwenye kampuni, wenyewe wanakutangulia. Toa zote mbili: bilioni 6.16.

Sasa idadi ya hisa, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Zilizoidhinishwa, yaani kiwango cha juu ambacho kampuni inaruhusiwa kutoa, ni milioni 10, zilizotolewa milioni 4, na kati ya hizo kampuni imenunua tena 150,000. Gawa kwa 3,850,000: shilingi 1,600 kwa hisa. Ukigawa kwa zilizoidhinishwa utapata 616, nawe utaiona hisa inayouzwa sokoni kwa 1,200 kuwa ghali, kumbe iko chini ya thamani yake ya vitabuni. Limbikizo la gawio huandikwa kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu, kwa hiyo msomaji wa mizania peke yake halioni. Idadi ya hisa nayo itafute huko huko.

Halafu zikague mali zenyewe. Boti ya bilioni 6 iliyopangiwa kutumika miaka 12 hupunguzwa thamani vitabuni kwa milioni 500 kila mwaka; baada ya miaka minane vitabu vinasema bilioni 2. Maji ya chumvi hayasomi vitabu. Ikiwa mnunuzi hatatoa zaidi ya bilioni 1, ondoa shilingi 260 hivi kwenye kila hisa. Jengo la zamani la Mji Mkongwe linaweza kwenda kinyume chake: limeandikwa kwa bei ya kale, sokoni lina thamani zaidi.