Siku moja Cartagena, mimi na mama

Mama yangu ana miaka 71 na goti la kulia limechoka. Alipokuja kunitembelea Houston nilimuuliza angependa kuona nini kabla hajarudi Mombasa. Akasema bahari. Nikampeleka Galveston, akayatazama yale maji ya rangi ya chai, akasema hii si bahari, haya ni matope ya mto. Ndipo nikakata tiketi za kwenda Cartagena, pwani ya Karibi ya Kolombia, siku nne. Naandika jinsi tulivyouzunguka mji ule pamoja na mwongozaji kwa siku moja, kwa kuwa mara ya kwanza tulikosea, na mara ya pili mama alipata siku ambayo mpaka leo anaihadithia.

Kosa lilikuwa langu. Nililipia ziara mtandaoni bila kuuliza chochote. Likaja basi la watu kama arobaini, kipaza sauti, maelezo kwa Kihispania kisha Kiingereza, na kabla Kiingereza hakijamalizika basi limekwisha pita mahali penyewe. Ngomeni tulipewa dakika ishirini. Kwenye duka la zumaridi tulikaa karibu saa nzima. Uwanja mkubwa ulio nyuma ya mnara wa saa tuliambiwa tupige picha, tukapiga, tukaondoka. Usiku mama akijipaka dawa gotini akaniuliza, "Mwanangu, watu weusi wote hawa tuliowaona leo walitoka wapi? Mbona hakuna aliyetwambia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikashuka mapokezi kuuliza kama kuna mtu wa kutuongoza anayejua habari hizo. Nikapewa namba ya mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa mtaa wa Getsemaní, ambaye upande wa mama yake wanatoka Palenque, kijiji cha watu weusi nje ya mji. Nikamwandikia usiku ule ule mambo matatu: mama ana goti bovu, mama anaswali, na sisi tunataka kusikia habari za Waafrika wa mji huu, si za maharamia peke yake. Akajibu kwamba tuanze asubuhi mapema, adhuhuri turudi hotelini tupumzike, kisha tutoke tena jua likilegea. Tukapatana bei ya siku nzima, na nikamwomba aandike kwenye ujumbe kwamba hatutaingia dukani isipokuwa tukiomba wenyewe. Nikamwomba pia picha ya kadi yake ya kazi, maana Kolombia mwongoza watalii wa halali huwa na kadi ya taaluma. Hakuona ubaya. Ukienda, fanya hivyo hivyo, na teksi nazo patana bei kabla ya kuingia, maana zile tulizopanda hazikuwa na mita.

Saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni mwa ngome ya San Felipe de Barajas, iliyoanza kujengwa karne ya 17 juu ya kilima cha San Lázaro. Saa hiyo mawe bado yana ubaridi wa usiku. Njia ya kupanda ni mteremko mkali usio na kivuli, na nilikuwa nimebeba kigoda cha kukunja. Kila baada ya hatua kadhaa mama aliketi, na kila alipoketi mwongozaji alisimulia kipande, kwa hiyo hakuna aliyeonekana anamsubiri mwenziwe. Ndivyo tulivyosikia habari za 1741, Waingereza chini ya amiri wao Vernon walipokuja na meli zaidi ya 180, na mji ukalindwa na amiri Mhispania Blas de Lezo, mtu wa jicho moja, mguu mmoja na mkono mmoja uliokufa. London walikwisha piga medali za ushindi. Ushindi wenyewe haukuja.

Mama hakufika juu kabisa na hatukumlazimisha. Badala yake tulikwenda kwenye mahandaki yaliyochimbwa ndani ya ngome. Mwongozaji akanituma niingie hatua thelathini gizani niseme neno kwa sauti ya chini, ya mtu na mwenziwe, naye akabaki na mama pale mwanzo. Nikasema, "Mama." Kuta zile zilijengwa ili askari asikie hata mnong'ono wa adui. Mama akaitika, "Labeka!" na sauti ikanijia kana kwamba amesimama nyuma ya sikio langu.

Kutoka hapo teksi hadi Getsemaní, mtaa wa mafundi na watu weusi nje ya ukuta mkuu wa mji. Tuliketi kivulini kwenye uwanja wa Trinidad, tukanywa limau iliyopigwa na tui la nazi na barafu. Hapo ipo sanamu ya Pedro Romero, mhunzi chotara aliyewaongoza vijana wa Getsemaní tarehe 11 Novemba 1811 kudai uhuru kutoka kwa Wahispania. Mwongozaji alimtaja kama mtu anavyomtaja babu yake, kwa fahari na bila haraka.

Chakula cha mchana kilikuwa samaki mzima wa kukaanga, ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa mara mbili, na wali. Mama akaunusa wali, akanitazama. "Huu wali wa nazi." Lakini ulikuwa wa rangi ya kahawia na utamu wa sukari, naye akadhani tui limeungua kwa uzembe. Nikamtafsiria mwongozaji, akaeleza: tui zito linachemshwa peke yake mpaka mafuta yajitenge na chini ibaki chenga, chenga zinaachwa ziwe nyekundu, halafu ndipo mchele unatiwa. Chenga hizo wanaziita titoté. Mama akaomba arudie tena polepole. Nilijua kwa nini. Anataka kwenda kuujaribu kwake.

Tukalala. Hili nalisisitiza kwa anayesafiri na mzee: joto la pale ni kama la Mombasa mwezi wa Machi, nyuzi 31 au 32 na unyevu wa kukushika mwili mzima, na barabara za ndani ya ukuta hazina miti ya kutosha. Ziara nyingi zinawatembeza watu saa saba mchana kwa sababu ya ratiba za meli za watalii. Sisi tulitoka saa kumi kasoro, mama akiwa ameshaswali alasiri.

Ndani ya ukuta mama hakuhitaji kuelezwa kila kitu. Nyumba zina vibaraza vya mbao vinavyoning'inia juu ya njia nyembamba, na milango mikubwa imepigiliwa misumari ya shaba yenye vichwa kama nusu chungwa. Vyuma vya kubishia hodi vina maumbo: mjusi, mwongozaji alisema, alikuwa wa nyumba za watukufu, simba wa wanajeshi, na viumbe vya baharini vya wafanyabiashara na watu wa meli. Mama akamshika samaki mmoja wa shaba, akambisha mara moja taratibu. "Sisi huyu tunamchonga kwenye mbao," akasema.

Kanisa la San Pedro Claver tuliingia uani, penye miti na kisima, mama akaketi. Claver alikuwa padri Mkatalunya aliyefika Cartagena 1610 na kufia hapo 1654. Cartagena ilikuwa miongoni mwa bandari chache ambazo mfalme wa Hispania aliruhusu watumwa waingizwe, na kila jahazi lilipotia nanga Claver alishuka ndani ya ngama na maji, matunda na dawa. Alijiita mtumwa wa watumwa weusi milele. Yote hayo yameandikwa ukutani. Lakini mwongozaji wetu alisimama zaidi kwenye jambo lisiloandikwa kwa herufi kubwa: Claver hakujua lugha za watu wale. Waliozungumza nao walikuwa wakalimani wake, Waafrika, nao wenyewe watumwa wa watawa. Mmoja alikuwa Andrés Sacabuche, mtu wa Angola, ambaye baada ya Claver kufa alitoa ushahidi juu ya maisha yake. Hebu fikiria mtu ametoka siku nyingi chini ya sitaha, hajui yuko wapi, kisha anasikia lugha yake. Kwangu mimi mtu huyo alimsikia Sacabuche kwanza, na padri baadaye. Claver alitangazwa mtakatifu 1888.

Kisha tukaja kwenye ule uwanja wa nyuma ya mnara wa saa, ule wa picha. Unaitwa Plaza de los Coches, uwanja wa magari ya farasi. Mwongozaji hakusema kitu mpaka mama akaketi kwenye kigoda chake. Akasema, hapa ndipo walipouzwa. Akataja makabila waliyotoka, Wawolofu, Wamandinka, watu wa Kongo na Angola, na akasema miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Utumwa Kolombia ulikomeshwa kwa sheria ya 1851, ukaisha Januari 1852. Nikamtafsiria mama neno kwa neno. Jana yake tulisimama papo hapo tukitabasamu mbele ya simu.

Mama akajifunika vizuri leso yake, akainua mikono, akasoma Fatiha. Watu walipita na mifuko yao, farasi wakapita. Mwongozaji akavua kofia akasubiri. Alipomaliza, mama akauliza, "Na nyie mlifanyaje mkabaki na heshima yenu?" Akajibiwa habari za Benkos Biohó, aliyetoroka na wenziwe vichakani wakajenga kijiji chao chenye boma la miti, Wahispania wakamnyonga 1621, kijiji hakikufa. San Basilio de Palenque ipo hadi leo, kama kilomita 50 kutoka mjini, na wana lugha yao ambayo maneno yake mengi ni Kihispania ila mifupa mingine ni Kikongo.

Upande mmoja wa uwanja huo kuna safu ya matao wanapouza vitu vitamu kwenye mitungi ya vioo. Nilidhani mama hatataka kula kitu mahali kama pale, lakini yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. "Kashata!" Kweli, ni kashata za nazi, nyeupe na za sukari guru, na nyingine za nanasi, na kando yake vidonge vya ukwaju. Muuzaji alikuwa mama wa Palenque. Mwongozaji akamwambia kwamba tunatoka Afrika ya Mashariki, akamwomba ataje maneno machache ya kwao. Akaanza na ng'ombe. Akasema "ngombe", ng yake kama ya ngoma. Mama akageuka kunitazama mimi, si yeye. Mtoto ni "moná". Wakiwa wengi, neno wanalitanguliza "ma".

"Mwana," mama akasema, akajipiga kifua, kisha akanionyesha mimi kwa kidole. "Mwana."

"Moná," yule mama akasema, akanigusa bega.

Najua sisi hatutokani na Kongo, na Kikongo ni binamu tu wa Kiswahili. Msomaji wa Kinshasa au Matadi angesikia mengi zaidi yangu. Lakini maneno yale mawili yalivuka bahari vichwani mwa watu waliouzwa hatua chache kutoka pale tulipokuwa, yakapita miaka mia nne, na mama yangu wa Mji wa Kale aliyaelewa bila mkalimani. Nililia na sikujificha. Mama hakulia. Alinunua kashata nane, mbili akazifunga kwenye pembe ya leso. Kama unataka kuwapiga picha akina mama wa Palenque wanaosimama na masinia ya matunda kichwani, omba kwanza na uulize watakuchaji kiasi gani. Ni kazi yao.

Saa kumi na mbili kasorobo tukapanda ukutani kwa njia ya mteremko iliyotengenezwa kupandishia mizinga, nzuri kwa goti. Upepo ulikuwa umefika. Ukuta ni wa matumbawe. Baada ya haramia Mwingereza, Francis Drake, kuuteka mji 1586 na kuurudisha kwa fidia, Mfalme Felipe wa Pili alimleta mhandisi Mwitaliano, Battista Antonelli, apange ulinzi, na ujenzi haukwisha hadi 1796. Nikamwambia mwongozaji jambo ambalo yeye hakulijua: mfalme huyo huyo ndiye aliyekuwa akitawala Ureno pia, wakati ngome yetu ya Mombasa, Fort Jesus, ilipoanza kujengwa na Wareno 1593, na mchoraji wake naye Mwitaliano, Cairati, na mawe yake nayo matumbawe. Akanitaka nimwandikie majina na mwaka, akavihifadhi kwenye simu yake.

Mama alikuwa ametia kidole kwenye tundu la jiwe, anakizungusha polepole kama anavyofanya kwenye ukuta wa nyumba yetu anapokagua chokaa. Jua lilipogusa maji akafungua pembe ya leso. Kashata mbili, watu watatu. Akazivunja juu ya ukuta, akampa mwongozaji kipande kikubwa.

"Kula, mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili.