Chipu sita na sahani ya wali

Mama alinipigia video juzi, akataka kuiona hiyo dhahabu ninayoishughulikia huku Sweden. Nikamwonyesha chipu moja, yaani kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu. "Mbona kama karatasi ya peremende?" Akauliza sonara angetoa shilingi ngapi. Nikapiga hesabu: sentimita moja ya mraba, unene nanomita 50, ni kama sehemu ya kumi ya miligramu. Ukitaka gramu moja, kusanya chipu elfu kumi. Akabadilisha mazungumzo.

Wembamba huo si ubahili. Mashine yetu humulika dhahabu kutokea upande wa kioo na kusoma pembe ambayo mwanga unaorudi hufifia. Protini ikinata upande wa pili, pembe inasogea. Dhahabu ikizidi unene, upande wa pili hausomeki. Chini yake kuna nanomita 2 hivi za kromi, maana dhahabu peke yake haikishiki kioo, inabanduka kama chokaa kwenye ukuta wenye unyevu.

Sasa, wiki iliyopita nimepoteza siku tatu. Nilisafisha chipu sita kama kawaida: maji sehemu tano, amonia moja, haidrojeni peroksaidi moja, nyuzi 70 na kitu, dakika kumi. (Wapo wanaotumia asidi ya salfuriki na peroksaidi. Mchanganyiko ule ukikutana na ethanoli unaweza kulipuka, mimi simo.) Nikasuuza, nikakausha kwa naitrojeni. Hapo zilitakiwa ziingie moja kwa moja kwenye thioli, kemikali yenye salfa inayojishikiza kwenye dhahabu. Lakini njaa iliniuma, nikazifunika kwenye kisahani cha plastiki, nikaenda kula wali. Mezani yakazuka maneno ya mpira. Saa mbili zikapita.

Niliporudi zilikuwa zinameta vilevile, nikazitumbukiza. Kesho yake nikafunga juu yake kingamwili, protini inayonasa kitu kimoja maalumu, kisha nikapitisha albumini ya ng'ombe, protini nyingine, ambayo haina undugu na kingamwili ile na ilipaswa kupita tu. Mstari wa mashine ukapanda, yaani kitu kimenata. Nikasuuza kwa bafa, maji yenye chumvi yanayozuia asidi isibadilike, nikasuuza tena, haukushuka.

Nililaumu bafa, nikailaumu pampu. Siku ya tatu ndipo nikachukua chipu mbili tupu, moja imetoka kuoshwa, nyingine imekaa saa mbili kwenye kisahani, nikadondoshea kila moja tone la maji. Kwenye ya kwanza maji yalitandaa mpaka ukingoni. Kwenye ya pili tone lilijikunyata, limesimama duara kama umande kwenye jani la magimbi. Mafuta ya hewani yalikuwa yameshawahi kukaa. Thioli huyasukuma kiasi, kwa kuwa salfa yake inaipenda dhahabu kuliko mafuta yanavyoipenda, na ndiyo maana wengi hawajali. Zangu naona zilibaki na mabaka, na albumini ikajipatia pa kukaa.

Leo nilikula saa nne asubuhi, kabla ya kushika kibano. Chipu sita mpya zimo kwenye chupa ya kioo tangu saa saba, thioli milimola moja kwa lita ndani ya ethanoli, kifuniko kimekazwa. Nitazitoa kesho asubuhi.