Barua iliyosema sifanyi kazi

Nilikuwa nimetimiza miaka sita kwenye godauni moja la chai Shimanzi ndipo nikaandika barua ya kuomba usimamizi. Kazi yenyewe naijua ndani nje. Chai yateremka kutoka Kericho, nyingine yavuka mpaka kutoka Uganda na Rwanda, yote ije ingojee mnada hapa Mombasa. Sisi twapokea, twahesabu, twapima, twapanga. Kilichonitatiza ni Kiingereza. Si cha kusoma, hicho ninacho. Ni cha kujisifu.

Niliiandika usiku, nikaiona imenyooka. Kesho yake baada ya alasiri nikaipeleka barazani Mji wa Kale, kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye nusu ya mtaa imepitia mikononi mwake. Akavaa miwani. Alipofika mstari wa pili akakiweka chini kikombe cha kahawa.

"Mwanangu, huko umeajiriwa au wenda kukaa tu?"

"Nafanya kazi, Mwalimu. Mwaka wa sita huu."

"Basi mbona umewaandikia kuwa hufanyi?"

Nilikuwa nimeandika: "I have hardly worked here for six years." Nilikusudia kusema nimejituma miaka sita. Nilijua "quick" huwa "quickly" na "slow" huwa "slowly", nikaona "hard" nayo isinyimwe mkia. Kumbe "hardly" hapo kale ndiyo ilikuwa na maana ya kwa nguvu, lakini siku hizi maana iliyobaki ni "ni nadra", "kidogo mno, karibu na hapana". "Hard" husimama vilevile, kama "fast": "work hard", "run fast". Mwalimu akasema mkia ule ungenifukuzisha kazi kabla sijapandishwa cheo.

Hilo lilikuwa dogo. Mstari wa nne nilijiita "a laborious and industrial person", na chini yake nikaongeza kwamba nimezoea "hard labour". Hapo mzee alicheka hata muuza kahawa akageuka. "Industrial" ni ya viwanda; mtu mwenye bidii ni "industrious". "Hard labour" ni ile kazi ngumu ambayo hakimu humtajia mtu pamoja na kifungo. Na "labour" peke yake, mke wangu angenieleza bila kamusi, ni ule uchungu ulompeleka wodi ya leba mara tatu. Mimi kazi yangu siku hizo ilikuwa kusimama nje nimeshika thamosi.

"Laborious" ndiyo iliyonifungua macho. Nilidhani ni mchapakazi. Siyo. Ni kazi yenyewe inayochosha, yenye mlolongo usiokwisha. Wakati twabishana, hamali mmoja akapita akitoka upande wa Marikiti, anavuta mkokoteni wa viazi, mishipa ya shingo imemsimama, apiga kelele apishwe. Mwalimu akamwelekezea kidole. "Huyo ni nini, na kazi yake ni nini?"

Kwa Kiswahili sikuhitaji kufikiri: mtu ana bidii, kazi ni ya sulubu. Bidii yake mwenyewe, ugumu ni wa kazi. Kiingereza chatumia "hard" pande zote mbili, na mimi nikadhani maneno yote yavuka hivyohivyo. Hayavuki. Hamali yule ni "hardworking", kwa neno moja, lakini kazi yake ni "gruelling". Ukimwita yeye "gruelling" utakuwa umemtukana, na kazi ngumu hivyo haiitwi "diligent".

Tukageuza risiti ya duka, tukachora mstari katikati: huku mtu, huku kazi. "Toil" ikaenda upande wa kazi, ile ya jasho refu. "Drudgery" pia, lakini hiyo ni kazi isiyotaka akili, ya kurudia jambo hilohilo hadi uchoke roho; nikakumbuka miezi yangu ya kubandika lebo. "Hustler" Mwalimu hakutaka hata kuiandika. Alisema hasola tangu siasa za 2022 amekuwa shujaa huku kwetu, ila Marekani neno hilo laweza kuwa na maana ya tapeli vilevile, na mimi sijui barua itasomwa na nani.

Mwisho nikachagua "diligent". Mwalimu alinieleza kwamba limetoka Kilatini, na kwamba mzizi wake wahusu kupenda, kukithamini kitu. Chai siipendi hivyo, lakini hesabu naipenda. Barua ikabaki na neno hilo moja la sifa, zilizobaki ni zile kazi nilizofanya, zamu kwa zamu.

Cheo nikapata. Nikaona nimemaliza na maneno ya bidii.

Baada ya miezi michache akaja mgeni kutoka Uingereza, mnunuzi, akashinda nasi siku mbili godauni akikagua. Aliporudi kwao alimwandikia meneja wetu kushukuru, nakala ikaenda ofisi ya Nairobi. Akaniita "a real grafter". Meneja alinionyesha simu bila kusema neno, na mimi nikahisi miguu imeniisha nguvu. Magazeti yetu, kila ukiona "graft" kwenye kichwa cha habari, ujue ni ufisadi. Nairobi wakapiga simu kabla ya chakula cha mchana kuuliza nimeiba nini.

Nikakimbilia kamusi. Kumbe kwa Waingereza "graft" ya mazungumzo ni kazi ya kujituma hasa, na "grafter" ni mchapakazi. Mbali na ile ya kupandikiza miembe. Nikaupiga picha ukurasa, nikautuma Nairobi pamoja na maelezo mafupi. Wakajibu kwamba wameelewa, na wakanipongeza.

Ijumaa ile wakatuma mtu kuja kuhesabu magunia.