Kanzu Ndogo ya Hana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Samweli 2:18-21, na naomba tukae na mstari mmoja tu, ule wa 19. Hana ameshamtoa mwanawe kwa Bwana, amemwacha Shilo kwa mzee Eli. Kila mwaka, akipanda na mumewe kwenda kutoa dhabihu, humpelekea mtoto kanzu ndogo aliyomtengenezea mwenyewe.

Habari ya siku ile ya kumtoa nimehubiriwa mara nyingi. Habari ya kanzu sijawahi kuisikia mimbarani. Lakini hebu fikirini: mtoto yuko mbali, hawezi kumpima. Ashone ya kimo gani? Naamini alikaa na kitambaa mapajani akikisia mikono imerefuka kiasi gani, mabega yametanuka vipi. Kumtoa kulikuwa kwa siku moja. Kushona kulikwenda miaka.

Mnajua niliacha kazi, sasa huu ni mwaka wa nne. Nilikuwa mhasibu kwa miaka 11 katika ofisi moja hapa Tanga, ajira ya kudumu, bima ya afya, mshahara unaingia kabla mwezi haujaisha. Niliandika barua, nikatumikia notisi ya siku 28, nikatoka kwenda kupiga picha za watoto wachanga. Wengine wenu mlinipongeza kwa imani. Niseme kweli, siku ile haikunidai imani kubwa. Nilikuwa nimemaliza mkopo wa mshahara na nina akiba ya miezi sita, na sioni dhambi hapo. Bwana mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Imani ilidaiwa baadaye. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilikaa mezani na bahasha ya fungu la kumi, kalamu mkononi, sina cha kuandika. Miaka yote ile tarakimu yangu niliijua kwa kichwa. Nililia, maana nilijiona nimekuja mbele za Mungu mikono mitupu.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Mtoto hupigwa picha vizuri zaidi katika wiki mbili za kwanza, angali anapenda kujikunja kama alivyokaa tumboni na usingizi wake ni mzito. Anyonye ashibe, acheulishwe, pangaboi lizimwe, kwani akivuliwa nguo anahitaji joto. Joto la Tanga mwezi wa pili wengi hulilalamikia, mimi hulishukuru. Mwanga nautaka wa dirishani. Ile picha mnayoipenda, ya mtoto aliyeegemeza kidevu viganjani, ni picha mbili zilizounganishwa, na katika kila moja mtu mzima amemshika asianguke. Masaa matatu hupita, nikarudi na picha tano.

Halafu kuna arobaini. Wiki hizo ninazozitaka mimi ndizo mzazi yuko ndani, na mtoto haonyeshwi ovyo. Mwezi wa pili wa kazi hii nilikwenda nyumba moja Ngamiani, nikapokewa mlangoni na bibi wa mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wa siku nane hapigwi picha. Kuna jicho."

Zamani ningemjibu haraka kwamba sisi hayo hatuyaamini. Nikakaa barazani. Nikakumbuka kuwa katika Walawi 12 mama aliyezaa mtoto wa kiume naye alihesabiwa siku 40, na Mariamu alizitimiza ndipo wakampeleka Yesu hekaluni. Bibi yule alikuwa analinda, na kulinda mtoto si jambo la kubezwa. Nikamwambia picha hazitatoka nje bila idhini ya mama mtoto, tena naweza kuanza na mikono yake yeye bibi, amempakata.

Akaitazama mikono yake kwa muda. "Hii iliyokunjamana?"

"Hiyo hiyo, mama."

Akaniambia nivue viatu, ninawe mikono, nipite ndani. Mwezi ule bahasha yangu niliiandika 9,000.

Miezi mikavu ipo hata leo. Mama anaghairi asubuhi ya kazi, umeme unakatika picha hazijasafishwa, nami najiuliza tena kama nilisikia vizuri. Ndipo humrudia Hana, na sindano yake, na mwaka mwingine unaokuja.

Jumamosi nakwenda Ngamiani tena. Yule wa siku nane anatimiza miaka mitatu. Bibi ameitunza kanga aliyolazwa juu yake siku ile, anataka alazwe hiyohiyo. Nimemwambia kwenye simu kwamba miguu itatokeza nje ya pindo. Amesema iache itokeze, hiyo ndiyo anayotaka kuiona.