Siku moja na Bedford la jeshi, Chake Chake

Saa 12 asubuhi

Nikitoka msikitini napita gereji kwanza, chai baadaye. Nikisema gereji nisieleweke vibaya: ni mwembe, banda la mabati na sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Lori limelala hapo tokea jana. Ni Bedford MK, na kijani cha jeshi la Uingereza bado kinachungulia chini ya buluu aliyoipaka tajiri. Ugonjwa wake ni breki: mguu unazama mpaka chini, dereva anapampu mara mbili tatu ndiyo zishike. Kwa vilima vya Pemba, na mchanga umejaa bodi nzima, hilo si la kuambiwa "tutaangalia Jumamosi".

Kwa asiyeyajua magari haya: Bedford ni ukoo wa Vauxhall, malori yake yakiundwa Dunstable, Uingereza. General Motors, wenye Vauxhall wakati huo, waliachana na kazi hiyo mwaka 1986, kampuni iliyorithi kiwanda, AWD, ikaanguka 1992. Jeshi nalo lilipochoka na yake likayauza, mengine yakapanda meli kuja Afrika. Usukani kulia, kama tunavyoendesha sisi. Injini ya dizeli, silinda 6, lita 5.4, haina kompyuta hata moja ya kugombana nayo. Limeundwa ili askari aliyekwama porini aweze kulifungua kwa spana na nyundo. Ndiyo maana mtu akiniambia gari hili bovu, simkubalii. Kazi haijaliharibu. Walioliharibu ni mafundi.

Saa 2

Vijana wangu wawili wamefika. "Shikamoo, fundi." Marahaba. Mmoja bado mgeni wa kazi, na ana nguvu. Keshachomeka bomba kwenye spana ya tairi, anataka kulipanda kwa miguu yote miwili.

"Ngoja, mwanangu. Huo upande gani?"

"Kushoto."

"Basi unakaza."

Nati za tairi za kushoto kwenye Bedford hizi hesi zake ni za kinyume. Unafungua kwa kuzungusha kama unavyokaza nati nyingine. Waingereza walifanya hivyo tairi likizunguka lisijifungulie nati. Asiyejua anaongeza bomba, anaongeza mtu, mpaka studi ikatike. Humu ndani nimezikuta mbili zilizowahi kukatika na kuungwa kwa kuchomelea. Gurudumu linalobeba tani kadhaa, limeshikwa na welding! Zote nimezitoa.

Jeki ya tani 20 chini ya ekseli, halafu magogo. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Hilo halina mjadala kwangu, hata tajiri awe amesimama na saa mkononi.

Saa 3 na nusu

Dramu imetoka kwa kubembelezwa na nyundo; kutu ya chumvi ya bahari haiachii kirahisi. Ndani kumelowa. Wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma breki za gurudumu, inavuja, na raba zake zimevimba, laini kama ubwabwa. Mafuta ya breki ya kawaida hayafanyi hivyo.

Nimechukua glasi ya maji, nikatonesha humo yale niliyoyatoa kwenye kopo la masta silinda, pampu kuu inayokanyagwa na mguu wa dereva. Mafuta halisi ya breki yanachanganyika na maji, huyaoni tena. Haya yalielea juu, yanametameta. Mtu alimimina oili ya haidroliki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na rangi zilifanana. Oili hiyo ni ya madini, na oili ya madini na raba za breki haziishi nyumba moja. Hapo kubadilisha gurudumu moja ni kujidanganya: raba zote, hosi zote, na mabomba yaoshwe. Bahati nzuri nilishamwambia tajiri wiki iliyopita asiagize seti ya raba za gurudumu moja tu. Raba na hosi hizo zimetoka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri ya Dar es Salaam, zikavuka Unguja, zikavuka tena mpaka bandari ya Mkoani. Nauli ya boti humu ni sehemu ya bei ya breki.

Saa 5

Hapa ndipo siku inapoliwa.

Gari hili ni la inchi. Bolti yenye kichwa cha 9/16 ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na kula pembe. Ya 1/2 ni 12.7, kwa hiyo fundi mwenye 13 inamkubalia siku ya kwanza, siku ya tatu kichwa kimekuwa duara. Ziko zinazopatana, 3/4 na 19 huwezi kuzitofautisha kwa mkono, na huko ndiko watu wanakojipa moyo kwamba seti ya Kichina yenye milimita tupu inatosha. Haitoshi. Mimi nina seti ya inchi niliyorithi kwa fundi wangu, na haiazimwi, hata kwa ndugu.

Kubwa kuliko vichwa ni hesi. Bolti ya milimita 10 ukiilazimisha kwenye tundu la 3/8 itaingia mizunguko miwili, itakataa, utaongeza nguvu, itaingia. Imejichongea njia yake. Bamba la nyuma la breki hili lina bolti za namna hiyo tatu. Kuzitoa, kusafisha tundu kwa tepu ya kuchongea hesi, kutafuta bolti za asili kwenye debe langu la vyuma chakavu: saa nzima na zaidi. Tajiri haoni kilichofanyika, kwa macho yake bolti zilikuwepo na bado zipo. Nitamtoza vilevile.

Saa 7

Sala, halafu wali na mchuzi wa pweza kwa mama ntilie wa pembeni. Hakuna cha kusimulia ila kwamba pweza alikuwa mwingi.

Saa 9

Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kijana mmoja juu anakanyaga, mimi chini nafungua nipeli, kile kibolti chenye tundu cha kutolea upepo, tunaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mpira wa uwazi umetumbukizwa kwenye chupa, tunatazama mapovu. Kopo la juu lisikauke, la sivyo tunaanza upya. Mafuta ni mapya, ya kopo lililofungwa. Haya yananyonya unyevu, na hewa ya Pemba hasa wakati wa masika ni maji matupu. Lililobaki wazi miezi miwili rafuni mimi silitii garini.

Saa 10 na nusu

Kuwasha, stata inalia kwa unyonge. Betri mbili za volti 12 zimeungwa ziwe 24. Nimepima: moja nzima, ya pili hoi. Nimefuata waya mwembamba mwekundu mpaka kwenye redio ya dereva, imechukua volti 12 zake kwenye betri moja tu. Hiyo inanyonywa, mwenziwe inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa kabla ya wakati.

"Ami, redio hii nani kaifunga?"

"Fundi."

Nimeikata. Akitaka muziki anunue kibadilishi cha kutoka 24 kwenda 12, si ghali.

Saa 11 na nusu

Tumelipeleka barabara ya Mkoani bila mzigo, kisha na mawe nusu bodi. Kwenye mteremko nimekanyaga mara moja, limesimama sawasawa, halikuvuta kushoto wala kulia. Tumerudi, nimezigusa dramu zote nne kwa mkono: joto moja.

Tajiri ametaka kupunguziwa, tumeelewana baada ya kahawa. Nimempa karatasi ya kuagiza: bolti za UNF, yaani za inchi zenye hesi nyembamba, dazeni mbili za 3/8, na studi za kushoto, zenye hesi za kinyume. Hilo la mwisho nimelipigia mstari, maana muuza duka atampa za kulia.